Maji Ndani ya Dizeli

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule linasikika la kipuuzi ukilisema kwa sauti: maji yanaingiaje kwenye tangi la dizeli lililofungwa? Nililala nalo, nikaamka nalo, nikakaa nalo mezani watu wengine wakila. Baadaye likazaa swali la pili, baya zaidi, na hilo la pili ndilo nimelibeba mpaka juzi tulipomzika Mama Felista, mama mkwe wa dada yangu, kijijini kwao Usevya. Wakati wanakwaya wanaimba nilisimama nyuma ya wanawake wa jumuiya, nikawaza kwamba sasa hakuna tena mtu wa kulijibu, na nilishtuka kugundua kwamba nimeshusha pumzi. Miaka iliyopita si mingi. Watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu, wanatafuta kazi. Lakini nimerudi kutoka mazishini na nyumba ile imenijaa kichwani, harufu yake na yote, na najua sitatulia mpaka niiweke mahali.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya mambo ya maji, na nilikuwa nimeshazoea kuandika barua za maombi zisizojibiwa. Dada yangu Skola akanipigia simu. "Njoo ukae na mimi, Tina," alisema. "Usiniulize kwa nini." Sikuhitaji kuuliza. Mwaka uliotangulia alikuwa na mimba yake ya kwanza, na wauguzi wa kituo cha pale walimwambia kwamba nyonga yake haitapitisha mtoto, lazima akapasuliwe Mpanda mjini. Uchungu ulipoanza, mume wake Kaspari alimpakia kwenye pikapu yao ya milango minne, ya kubebea mpunga. Barabara ya kwenda mjini inakatiza ndani ya hifadhi ya Katavi kabla hujatokea Sitalike, na katikati ya hifadhi, mahali ambapo simu haishiki na mtu haruhusiwi kushuka, gari likazima. Lori lilipopita na kuwavuta, mtoto alikuwa ameshatulia tumboni. Sasa Skola alikuwa na mimba nyingine, gari lilikuwa lile lile, na lilikuwa bado linazima, tena mahali pale pale.

Nyumba yao ilikuwa imejaa mpunga. Magunia yalipangwa sebuleni mpaka karibu na dari, na kitanda changu kiliwekwa nyuma yake, kwenye uwazi uliobaki kati ya magunia na ukuta. Nililala ndani ya harufu ya pumba. Nikigeuka, punje zilimwagika mahali fulani nisipopaona, kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu jambo lake taratibu. Juu ya mlango kulikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu yenye maua ya plastiki, na chini ya picha Mama Felista alipanga chupa zake za maji ya baraka, chupa za kawaida za maji ya kununua, zilizojazwa kanisani mkesha wa Pasaka na kufungwa utepe mwekundu ili mgeni asije akazinywa. Jioni tulikula wali na dagaa wa Ikola waliokaangwa na nyanya. Mama Felista alikula mwisho, na ukoko aliukwangua akaniwekea mimi. "Kula, msomi," alisema. "Chuo kimekukausha hiki." Kisha alimgeukia Skola akamwangalia tumbo muda mrefu, mpaka Skola akavuta kitenge chake akalifunika.

Kwa kuwa nililala nyuma ya magunia, watu walisahau kwamba nipo. Hivyo ndivyo nilivyoanza kusikia habari za pale. Hapakuwa na jina lingine. Wote walisema pale tu. Ni kona moja juu ya kilima kifupi, ndani kabisa ya hifadhi. Zamani kulikuwa na kijiji, watu wakahamishwa kwa sababu ya malale, makaburi yakabaki. Madereva wa upande huo wakifika pale wanazima redio, na hakuna anayemtaja mwenzake kwa jina, maana ukiita mtu pale anaweza kuitika mwingine.

"Pale hawamkatazi mtu kuingia," nilimsikia Kaspari akimwambia mama yake. "Nikirudi kutoka mjini napita vizuri kabisa. Nikienda mjini, ndipo wanalishika. Wanakataa tusitoke, Mama."

"Ongea polepole, mke wako yuko chumbani."

"Amelala."

"Mjamzito halali, we. Anapumzisha macho."

Kisha Mama Felista akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Walishachukua mmoja. Wametosheka."

Nililala macho. Kitu kilichonisumbua hakikuwa mizimu. Maneno ya Kaspari yalikuwa na mpangilio, na mimi nilifundishwa kwamba penye mpangilio kuna sababu. Kwenda linazima, kurudi halizimi. Nilijaribu kulicheka jambo hilo gizani na sikuweza.

Halafu nikaliona mwenyewe. Tulikuwa tunapeleka mpunga mjini, mimi na Kaspari, mchana wa jua jeupe lisilo na kivuli. Tulipofika chini ya kile kilima alinyoosha mkono akazima redio, bila hata kuangalia, kama mtu anavyojifuta jasho. Gari likapanda. Juu, kabla ya kona, likakohoa, likarukaruka mara chache, likafa. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Mbung'o walianza kugonga vioo. Nikafungua mdomo nimwite, akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Jina usitaje!"

"Sawa."

Ndipo nikasikia. Mbali, upande wa kushoto, nyuma ya miti, mtu alikuwa anatwanga. Si mmoja, wawili, wanapishanisha michi kwenye kinu kimoja, ule mdundo ambao kila mtu aliyekulia huku anaujua kwa kifua chake. Kwa upande ule hakuna nyumba mpaka uchoke.

"Shem, unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Kama kutwanga."

"Basi na wewe usisikie," alisema.

Kuna ndege wakubwa weusi, hondohondo, wanaotembea chini na kuunguruma kifuani. Wanaweza kusikika mbali sana. Nimesikiliza sauti zao kwenye simu mara nyingi tangu siku ile. Zinafanana. Nikizima simu, hazifanani.

Kaspari alishuka kwa kukimbia, akafungua boneti, akalegeza nati juu ya filta na kuanza kupampu kwa mkono kutoa upepo, huku midomo yake ikisali. Mimi nilishuka pia, ingawa alinifukuza. Kile alichokimwaga kutoka kwenye filta kilinidondokea kiganjani. Sehemu ilikuwa dizeli. Sehemu ilikuwa matone ya duara, safi, yanayokimbia juu ya mafuta bila kuchanganyika nayo. "Maji," nikasema, na nilikuwa na furaha ambayo haikustahili mahali pale. Maji ni kitu. Maji yana njia ya kuingia na njia ya kutoka.

Mjini tulikwenda kwa fundi Rajabu, ambaye gereji yake iko nyuma ya duka la vipuri la kaka yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye maoni juu ya kila gari na kila kabila.

"Dizeli ya madumu," alisema kabla sijamaliza. "Nyie watu wa Usevya na Mpimbwe yote mnanunua mafuta kwenye madumu ya mawese, halafu mnasingizia mizimu. Mizimu inajua injekta, injinia?"

"Mimi si injinia."

"Lakini umesoma. Mtu aliyesoma huku wote ni injinia, mpaka siku gari likizima."

Kaspari hakucheka. Nilimwambia Rajabu ninachotaka: filta kubwa ya lori, yenye kikombe cha kioo chini na koki ya kutolea maji, ikae kati ya tangi na filta ya kawaida. Niliona moja imelala dukani kwa kaka yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini kwenye kikombe, tutayaona, tutayatoa. Rajabu alipinga kidogo kwa ajili ya heshima yake, akisema pampu ndiyo inakufa, kisha akatengeneza breketi ya chuma, akaifunga ndani ya boneti, akaunganisha mipira mipya na kukaza klipu. Filta ya zamani aliitoa, akamwaga maji yaliyokuwamo, akafunga mpya mahali pake. Tangi tulilishusha tukaliosha. Mfuniko wake tuliutia mpira mpya. Dizeli tukanunua kituoni, pale pale mjini, na kuanzia siku ile Kaspari hakununua tena ya madumu. Tulirudi Usevya, kikombe kikiwa na dizeli ya rangi ya chai, bila tone la maji. Usiku ule nililala kama gunia.

Safari iliyofuata gari lilipanda kilima, likapita pale bila hata kukohoa. Nilipiga kelele ya furaha. Sitalike tulisimama kununua mihogo ya kuchoma, nikafungua boneti ili nimwonyeshe shemeji yangu kikombe kisafi. Kilikuwa na maji. Yamejaa karibu nusu, meupe, yametulia chini ya dizeli kama jicho. Kaspari aliyaangalia, muhogo mkononi, hakuula.

"Mwanzo tulikuwa hatuyaoni," alisema. "Sasa umetuwekea kioo tuyaone."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoisha kabisa. Mafuta ya kituoni, tangi lililooshwa, mfuniko mpya. Nililaumu unyevu wa hewa, nikapiga hesabu, unyevu haukutosha. Nililaumu kituo, lakini safari za kurudi, kwa mafuta yale yale, kikombe hakikupata tone la maji. Nilimshuku Rajabu. Nilimshuku Kaspari mwenyewe, nikamchunguza akila. Nikilala nyuma ya magunia nilianza kuwaza kwa lugha ambayo si yangu, kwamba mahali panaweza kutoa maji kama ngozi inavyotoa jasho, na kwamba yale maji yanatoka chini ya makaburi na kupanda kwenye chuma. Mimi, mwenye shahada ya mambo ya maji. Chumba cha pili Skola alijigeuza, kitanda kikalia, na tumbo lake lilikuwa limeshuka. Jioni moja alikuja kukaa na mimi kwenye ukingo wa kitanda.

"Litapita?" aliniuliza.

"Litapita, dada."

"Usinipe moyo. Niambie kama ungekuwa mtihani."

"Kama ungekuwa mtihani," nilisema, "nimebakiza swali moja."

Jibu nililipata asubuhi moja kabla ya safari, kumeanza kupambazuka. Nilitoka na kijiti kirefu ili nipime tangi lenyewe, nione kama maji yamo kabla gari halijaondoka. Nilimkuta Mama Felista amesimama ubavuni mwa gari, amevaa kitenge cha kanisani, mgongo kwangu. Mfuniko wa tangi alikuwa ameuweka juu ya paa. Mkononi alikuwa na chupa yenye utepe mwekundu. Alinyunyiza kwenye tairi, moja baada ya nyingine, kisha akaingiza mdomo wa chupa kwenye mdomo wa tangi na kumimina, taratibu, kama anavyomnywesha mgonjwa, akachora alama ya msalaba juu ya tundu. "Wapitishe," alikuwa anasema. "Wapitishe, Baba. Wabariki mpaka ndani." Alifunga mfuniko akaufuta kwa upindo wa kitenge. Nilirudi nyuma ya banda la kuku kabla hajageuka.

Kila kitu kilijipanga. Maji yanakaa chini ya tangi, chini ya mdomo wa bomba linalonyonya. Tambarare yote gari linakunywa dizeli tupu. Kilima cha kwanza, tangi linainama, maji yanakimbilia nyuma bomba lilipo. Kilima cha kwanza ni pale. Na Mama Felista hulibariki gari linapoondoka nyumbani, si linaporudi. Mizimu iliisha kwa muda wa kufunga mdomo, na badala yake kikaja kitu ambacho ningependa zaidi ingekuwa mizimu. Maana alianza lini? Inawezekana alianza baada ya msiba, kwa uchungu, ili pale pasimchukue mwingine. Inawezekana pia kwamba alianza kabla, kwamba asubuhi ile ya kwanza, Skola akiwa amelazwa ndani ya gari akilia, bibi huyu alizunguka upande wa pili na chupa yake. Hili ndilo swali la pili. Ningeweza kumuuliza. Lakini kumuuliza tu ni kumwambia. Angeuliza kwa nini nataka kujua, na angelipata jibu usoni mwangu, na kama alianza kabla, angeishi miaka yake iliyobaki ndani ya jibu hilo, kwenye nyumba moja na Skola.

Nilizunguka na jambo hili kama kuku mwenye kifaranga kimoja. Nifunge tangi kwa kufuli? Angeuliza kufuli ya nini. Nimwambie Kaspari? Alikuwa na hasira ya mwaka mzima isiyo na pa kwenda. Ningempa pa kwenda. Niibadilishe chupa niweke dizeli? Angeisikia kwa harufu. Nikamweleza Skola moyoni mara nyingi, na kila mara sura yake ilinifanya ninyamaze. Kwa hiyo nilimwacha Mama Felista abariki, na mimi nikawa nakitoa kikombe maji kila tulipofika Sitalike. Kadiri tumbo la Skola lilivyoshuka, ndivyo maji yalivyoongezeka. Tulipanga aende mjini mapema, akasubirie karibu na hospitali.

Uchungu haukusubiri mpango wetu. Ulianza alfajiri. Wakati Kaspari anatandika godoro dogo kwenye kiti cha nyuma, niliona Mama Felista anatoka sebuleni na chupa mbili. Alizimimina zote, mpaka tone la mwisho, mbele ya macho yangu, hakujificha tena. Nilipiga hesabu nimesimama pale: kikombe kisingeweza kubeba yote. Kingejaa kwenye kilima, na maji yangepita juu yake mpaka kwenye pampu.

"Unaniangalia nini, mwanangu?" aliniuliza.

"Hamna kitu, Mama. Twende."

Alipanda nyuma, akakiweka kichwa cha Skola mapajani mwake. Ndani ya hifadhi hakuna aliyesema neno isipokuwa Skola, ambaye hakuwa anasema maneno. Tulipofika chini ya kilima Kaspari alizima redio iliyokuwa imeshazimwa. Tukapanda. Nilisikia injini inabadilisha sauti, kidogo tu, kama mtu anayemeza.

"Simamisha," nikasema.

"Hapa? Una wazimu?"

"Simamisha, usizime injini. Simamisha sasa hivi!"

Alisimamisha. Nilishuka, nikafungua boneti. Mbung'o walinivamia shingoni. Kikombe kilikuwa kimejaa maji mpaka juu, matupu, hakuna hata mstari wa dizeli. Nikageuza koki. Yalianza kutoka, yakaanguka barabarani yakatengeneza doa jeusi kwenye vumbi. Upande wa kushoto, nyuma ya miti, walikuwa wanatwanga. Kisha nikahisi mtu ubavuni mwangu. Mama Felista alikuwa ameshuka.

"Hayo ni nini?" aliuliza.

Sikugeuka. "Uchafu, Mama. Rudi ndani."

"Ni maji."

"Ni maji. Dizeli ya kituoni wanaichanganya na maji."

Aliyaangalia yakitoka. Alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko nilivyopenda asubuhi ile. Akakunja upindo wa kitenge chake mkononi, akaukunjua, akaukunja.

"Na ile mara ya kwanza?" aliuliza taratibu. "Yule wa kwanza. Yalikuwa maji?"

Nilikuwa nimeandaa swali kwa wiki kadhaa na sasa lilikuwa limenijia mimi. Kikombe kikaanza kutoa dizeli. Nikafunga koki, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikamtazama machoni, maana niliona nisipomtazama hataniamini.

"Hapana. Filta ya zamani, ile ile ya tangu wakati ule, ilikuwa imeziba kwa vumbi. Ilikuwa kavu kabisa, Mama, kavu. Fundi Rajabu alinionyesha."

Sauti ya kutwanga ikakata, au mimi niliacha kuisikia. Kisha akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akarudi kwa Skola. Nikapiga boneti chini. Gari likapita kona, likashuka upande wa pili, na hakuna aliyepumua mpaka tulipoona mabati ya Sitalike.

Skola alipasuliwa kabla ya saa sita, akapata mtoto wa kike aliyelia kwa hasira. Mama Felista alilala sakafuni wodini, amechoka. Nilimwacha hapo. Nilijua jinsi anavyofikiri kwa sababu mimi pia nafikiri hivyo: angeamka, angeligeuza lile jibu, na kabla ya kurudi Usevya angekwenda kumuuliza fundi. Kwa hiyo nilitembea mpaka gereji, jua likiwa kali, mikono bado inanuka dizeli. Rajabu alikuwa anakula chapati amekaa juu ya tairi.

"Injinia! Limezima?"

"Limepita. Nina ombi. Mama yake Kaspari akija kukuuliza, ile filta ya zamani tuliyoitoa ilikuwa kavu. Imeziba vumbi."

"Kavu? Ile? Si mimi niliimwaga maji mwenyewe, mpaka yakanilowesha kiatu?"

"Ilikuwa kavu, fundi."

Aliacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na maoni. Aliniangalia uso, akaniangalia mikono, akameza.

"Kavu," alisema. "Nakumbuka sasa. Ilikuwa vumbi tupu."